Elimu ya vitendo bila lugha ya mtoto ni kazi bure

Hakuna mzazi, mwalimu wala mwanafunzi nchini ambaye hajalisikia neno "vitendo" tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa katika shule zetu mwaka 2019. Tunaambiwa, na ni kweli, kwamba mtoto hajifunzi kwa kukaririshwa peke yake, bali kwa kushika, kupima, kujenga, kubomoa na kujenga tena. Tunaambiwa pia kwamba shule njema ni ile inayomkaribisha kila mtoto: tajiri na maskini, mwenye ulemavu na asiye nao, mwenyeji na mgeni. Katika mijadala hii si haba wanaotutajia shule za Marekani, hususan zile za mijini zinazoendeshwa kwa mkataba, kuwa kielelezo tunachopaswa kukifuata.

Sina ugomvi na kielelezo hicho. Wasiwasi wangu ni kwamba tunakitazama kwa jicho moja. Tunaiona mikono ya watoto wa huko ikishughulika, lakini hatuvisikii vinywa vyao. Nami, kwa kuwa kazi yangu ni kuchunguza lugha, naamini kwamba siri ya zile zilizofaulu imo vinywani zaidi kuliko mikononi. Kazi ya mikono huwa elimu pale tu mtoto anapoweza kuizungumza: kuuliza, kubisha, kueleza na kusahihishwa. Na mtoto hawezi kubisha kwa lugha asiyoimudu.

Kwanza tuzielewe shule zenyewe. Shule ya mkataba hulipiwa na fedha za umma, haitozi karo, na wanaotaka nafasi wakizidi, watoto huchaguliwa kwa kura ya bahati. Tofauti yake na shule nyingine za umma ni kwamba waanzilishi wake, wawe walimu, wazazi au shirika fulani, hutia saini mkataba na mamlaka ya elimu. Wao hupewa uhuru wa kufundisha kwa njia waionayo bora. Mamlaka nayo hubaki na haki ya kuifunga shule hiyo ikishindwa kutimiza ahadi zake. Ray Budde, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu huko Massachusetts, ndiye aliyelianzisha wazo hilo. Mwaka 1988 lilivumishwa na Albert Shanker, kiongozi wa chama kikubwa cha walimu. Jimbo la Minnesota likapitisha sheria ya kwanza mwaka 1991, na mwaka uliofuata shule iitwayo City Academy ikafunguliwa mjini St. Paul kwa ajili ya vijana waliokuwa wameacha masomo.

Inafaa kukumbuka Shanker alikopata hamasa yake. Mwaka 1987 alizuru shule moja mjini Cologne, Ujerumani, ambamo watoto wa wenyeji walisoma pamoja na watoto wa wahamiaji kutoka Uturuki na Morocco, wenye uwezo mkubwa wakiketi na wenye uwezo mdogo. Kundi moja la walimu lilikaa na watoto hao hao kwa miaka kadhaa, na wanafunzi walijifunza katika makundi madogo, wakizungumza. Basi tangu asili yake, wazo hili lilikuwa la mchanganyiko na mazungumzo. Halikuwa wazo la majengo wala vifaa.

Hata hivyo, mkataba si dawa ya kila ugonjwa. Kufikia mwaka 2021 shule hizo zilikuwa takribani 7,800, zikiwa na wanafunzi wapatao milioni 3.7, na ubora wao hutofautiana kama mbingu na ardhi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipozipima mwaka 2009 waligundua kwamba katika hisabati asilimia 17 tu zilizishinda shule za kawaida, ilhali asilimia 37 zilishindwa nazo. Uchunguzi wao wa mwaka 2023 ulionyesha matokeo mazuri zaidi, ingawa tofauti haikuwa ya kutisha. Na kuhusu kumkaribisha kila mtoto, ripoti ya wakaguzi wa serikali ya huko ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba wanafunzi wenye ulemavu walikuwa yapata asilimia 8 katika shule za mkataba, hali katika shule za kawaida walikuwa asilimia 11. Shanker mwenyewe aligeuka mkosoaji wa harakati hiyo pale kampuni za kibiashara zilipoanza kuingia. Kwa hivyo, anayetutaka tuige tu jina la shule hizo hatufai kitu. Swali la maana ni hili: zilizofaulu hufanya nini darasani?

Chukua shule mbili. Capital City, iliyofunguliwa Washington mwaka 2000, hupokea watoto wa rangi, tabaka na lugha mbalimbali. Rais Barack Obama na mkewe waliizuru mnamo Februari 2009. Ya pili ni Anser, iliyoko Boise, mji mkuu wa jimbo la Idaho. Shule hizi zilijiunga na utaratibu ulioanza miaka ya mwanzo ya 1990, ambao huyafanya masomo kuwa mfano wa safari ya uchunguzi. Wanafunzi hushika jambo moja kwa majuma mengi, pengine mto unaopita mjini mwao au wadudu wa bustani, na humo wakapata hisabati, sayansi, sanaa na lugha kwa pamoja. Mizizi ya mawazo haya ni mirefu. John Dewey alifungua shule yake ya majaribio huko Chicago mwaka 1896, ambamo watoto walipika, walifuma na kuchonga mbao ili waifikie sayansi na historia kupitia kazi hizo.

Katika shule hiyo ya Boise kulitokea jambo dogo ambalo sasa walimu wa nchi nyingi hulitumia kama mfano. Mtoto wa darasa la kwanza alitakiwa amchore kipepeo kwa kuangalia picha halisi. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa kama wa mtoto yeyote wa umri huo, kipepeo wa kubuni asiyefanana na yule wa pichani. Mwalimu hakumpa alama wala hakumkemea. Aliwaalika wenzake waitazame kazi ile na waseme. Wakasema juu ya umbo la mabawa kwanza. Mtoto akachora upya. Wakarudi tena, wakasema zaidi, naye akachora upya. Umbo lilipokubalika wakahamia kwenye madoa na mistari, na mwisho rangi. Mchoro wa sita ulikuwa kazi ambayo mtu mzima asingeona haya kuitia sahihi yake. Ron Berger, mwalimu aliyeusambaza mfano huo, ambaye pia alikuwa seremala, husisitiza masharti matatu ya kusahihishana: maneno yawe ya upole, yawe mahususi, na yawe ya msaada.

Wengi wakisimuliwa habari hii husifu uvumilivu wa mtoto yule. Mimi nasifu maneno ya wenzake. Anayesema "mchoro wako si mzuri" hajamsaidia mtu. Anayesema "bawa la juu limeinama mno, na huku chini pana ncha ambayo wewe hukuichora" ametenda mambo manne kwa wakati mmoja: ameangalia kwa makini, amelinganisha, ametaja sehemu kwa jina lake, na amependekeza njia. Hiyo ndiyo sayansi yenyewe. Penseli iliufuata ulimi. Laiti watoto wale wangekatazwa kusema isipokuwa kwa lugha wasiyoijua, kipepeo yule angebaki kama alivyokuwa katika mchoro wa kwanza.

Katika isimu jambo hili halina miujiza. Watu wanaofanya kazi bega kwa bega husema kwa ufupi: "Leta hicho. Weka hapa. La, siyo hivyo." Vitu viko mbele yao, basi maneno machache yanatosha. Lakini mtoto akitakiwa aende kumweleza mwalimu aliyekuwa mbali, hana budi kuvitaja vitu kwa majina na kuyapanga matukio. Akitakiwa baadaye aandike, hulazimika kueleza sababu na kanuni kwa msomaji asiyemwona. Ngazi hizo tatu, yaani usemi wa kazini, usimulizi na uandishi, ndizo zinazomtoa mtoto kwenye kitendo na kumfikisha kwenye elimu. Ukimwondolea ngazi ya kwanza, unamtaka aruke hadi darini.

Tena haitoshi kudhani kwamba mtoto anayetania kwa Kiingereza uwanjani ameshakimudu kiasi cha kusomea. Jim Cummins wa Canada alibainisha tangu mwaka 1979 kwamba umilisi wa mazungumzo ya kawaida ni kitu kimoja na umilisi wa lugha ya masomo ni kingine. Uchunguzi wake ulionyesha kwamba watoto wahamiaji hupata ule wa kwanza kwa takribani miaka miwili, lakini ule wa pili huwachukua miaka mitano hadi saba. Na hao ni watoto wanaoishi katika nchi inayozungumza Kiingereza asubuhi na jioni.

Wamarekani wenyewe hawakuufikia ukweli huu kwa hiari. Ilibidi mahakama iwafundishe. Huko San Francisco watoto wapatao 1,800 wenye asili ya Kichina walikuwa wakiketi madarasani bila kuelewa Kiingereza na bila msaada wowote. Katika kesi iliyojulikana kama Lau dhidi ya Nichols, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1974 kwamba kuwapa watoto wote vitabu vilevile na walimu walewale si usawa, maadamu baadhi yao hawaelewi lugha inayotumika. Mwaka uliofuata, 1975, nchi hiyo ikapitisha sheria iliyowafungulia watoto wenye ulemavu milango ya shule za umma; kabla yake, mtoto mmoja tu kati ya watano wa kundi hilo ndiye aliyekuwa akisomeshwa. Mambo haya mawili yana mzizi mmoja. Kumwingiza mtoto mlangoni siyo kumjumuisha. Amejumuishwa pale anapoweza kushiriki. Ndiyo maana baadhi ya shule za mkataba, mathalan ile ya Elsie Whitlow Stokes mjini Washington, hufundisha kwa lugha mbili: Kiingereza pamoja na Kifaransa au Kihispania.

Kuna jambo jingine linalopaswa kututia haya. Miongoni mwa wakimbizi wa Kongo waliopokewa Marekani, wamo wengi wanaosema Kiswahili. Shule za umma za huko, zikiwemo zile za mkataba, zinabanwa na sheria ya haki za raia ziwasiliane na wazazi kwa lugha wanayoielewa. Kwa hivyo miji ya mbali inatafuta wakalimani wa Kiswahili. Wakati huohuo, katika baadhi ya shule za miji yetu, mtoto akisema Kiswahili siku isiyokuwa ya Kiswahili huvishwa kibao shingoni. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliisimulia adhabu ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986, akiwazungumzia watoto wa zama za ukoloni. Kibao kile kingali hai, na mkoloni aliondoka kitambo.

Tukirudi nyumbani, tutaona kwamba elimu ya vitendo kwetu si ngeni. Mfumo wa 8-4-4, uliotokana na mapendekezo ya tume ya Mackay ya mwaka 1981 na kuanza mwaka 1985, uliahidi yaleyale tunayoahidiwa leo. Wazazi walichanga kwa harambee wakajenga karakana. Watoto walifundishwa useremala, kilimo, sayansi kimu, sanaa na muziki. Kisha ukaja mtihani wa KCPE, na sehemu kubwa ya ufundi huo ikapimwa kwa kuchagua jibu A, B, C au D kwenye karatasi. Mtoto aliweza kupata alama za juu katika useremala bila kuishika randa. Mtaala ulipopunguzwa mwaka 2002, masomo hayo ya ufundi yalikuwa ya kwanza kupanguswa, na karakana nyingi zikageuka maghala ya madawati mabovu.

Naogopa kwamba tunaelekea kulirudia kosa lile kwa sura nyingine. Safari hii vitendo vipo, lakini vimekuwa bubu. Katika kuwakagua wanafunzi wa ualimu wanapokuwa mazoezini, nimeketi nyuma ya madarasa mengi. Namkumbuka kijana mmoja aliyefundisha Gredi ya Tano katika mtaa wenye msongamano jijini Nairobi. Alikuwa amejiandaa vizuri: chupa za plastiki zilizokatwa, mchanga, kokoto, makaa na ndoo ya maji ya tope. Watoto walitengeneza vichujio kwa furaha. Alipouliza kwa Kiingereza kwa nini maji ya kundi moja yametoka safi kuliko ya kundi jingine, darasa zima lilinyamaza kama maji mtungini. Mwishowe aliandika jibu ubaoni mwenyewe, nao wakalinakili. Alipotoka kidogo kwenda kumwaga maji, mabishano yakazuka kwa Kiswahili cha mtaani. Mmoja alishikilia kwamba ni makaa. Mwenzake akambishia kwamba makaa yalikuwa sawa katika chupa zote, ila mchanga wa kundi lile ulishindiliwa. Msichana mmoja akataka warudie, mchanga uwe mmoja na makaa yabadilishwe. Bila kujua, alikuwa amebuni jaribio halali la kisayansi. Mwalimu aliporudi, kimya kikarudi naye.

Simlaumu kijana yule. Alifanya alivyofunzwa, na pengine alichelea kwamba mimi niliyeketi nyuma na karatasi ya alama nisingependa kukisikia Kiswahili katika somo la sayansi. Lakini tazama kilichopotea. Elimu ya siku ile ilitokea katika dakika tatu ambazo hazikuwamo katika mpango wa somo.

Najua hoja zitakazotolewa. Wapo watakaosema kwamba mtihani ni kwa Kiingereza, hivyo tutawaponza watoto. Hasha! Sijasema Kiingereza kifukuzwe. Nasema kije mahali pake katika ngazi. Kundi lijadiliane kwa lugha linayoimudu, kisha mwalimu awasaidie kuyavika mawazo hayo Kiingereza, waseme, waandike. Mtoto mwenye wazo hutafuta maneno. Asiye na wazo hukariri ya mwingine. Wengine watasema kwamba darasa la mjini lina makabila kumi, tutumie lugha ipi? Jibu lilitolewa zamani. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya mwanzo, na katika miji yetu lugha hiyo ni Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na vilevile lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kama watoto watakuja na Sheng, basi iwe daraja: mwalimu apokee wazo, kisha alirudishe kwa Kiswahili sanifu, na mtoto alisikie vazi jipya la wazo lake mwenyewe. Na watakaolalamika kwamba madarasa yamejaa tangu elimu ya bure irejee mwaka 2003, nitawauliza: katika darasa la watoto sabini, ni nani atakayemsikiliza kila mmoja kama si mwenzake aliyeketi naye?

Tusiwasahau wale ambao ulimi wao ni mikono yenyewe. Katiba hiyohiyo inaitaka serikali kuendeleza Lugha ya Ishara ya Kenya, na inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizo ndani ya jamii. Mtoto kiziwi akiingizwa katika darasa la vitendo lisilo na mtu anayejua ishara, atayaona yote na hataambiwa lolote. Atapewa gundi na makasi, na jioni itaandikwa kwamba alishiriki. Huko si kujumuishwa.

Nifanye basi mapendekezo matatu. Kwanza, vyuo vya ualimu, vikiwemo vikuu ambamo mimi nafundisha, viwafunze walimu namna ya kuongoza mazungumzo ya kazi, si namna ya kuandaa vifaa tu. Mwanafunzi wa ualimu ajifunze kuuliza swali na kungoja, na kuwafundisha watoto kusahihishana kwa upole na kwa umahususi. Tusimkate alama kwa kuruhusu Kiswahili kikundini. Pili, wizara itamke wazi kwamba adhabu ya kibao ni kinyume cha sera, na walimu wakuu wawajibishwe. Tatu, miradi ya mtaala wa umilisi ifanyiwe shuleni. Mradi unaopelekwa nyumbani usiku ili baba anunue manila na mama akate maumbo haumjumuishi mtoto wa maskini, na mara nyingi hata huyo wa tajiri haumfunzi, kwa sababu aliyeufanya siye yeye. Kitathminiwe kile mtoto anachoweza kukieleza juu ya kazi yake, kwa lugha aliyo nayo, pamoja na kazi yenyewe.

Hayo hayahitaji mkopo kutoka nje wala shule za mkataba. Yanahitaji mwalimu anayeamini kwamba watoto wake wana jambo la kusema. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Sisi tumewapa watoto wetu mchanga, makaa na chupa, kisha tukawanyima lugha ya kuulizia. Mwalimu utakayeingia darasani kesho na ndoo yako ya maji machafu, waache kwanza wabishane.